Waliniambia mchanga utakunywa maji: uzoefu wangu na gata Kigamboni

Nyumba yangu ya Mjimwema, Kigamboni, hapa Dar es Salaam, ilipokuwa inapauliwa mwaka 2019, kila aliyekuja kuitazama aliniuliza swali moja: gata za nini huku, hiyo mifereji ya kukinga maji ya paa? Fundi wa paa aliuliza, jirani akauliza, na shemeji yangu aliyejenga nyumba mbili Mbagala alilimaliza kabisa. "Shem, Kigamboni ni mchanga mtupu. Mvua ikikatika, dakika kumi tu huoni hata dimbwi. Hiyo hela kanunulie geti." Nikanunua geti. Nasema hivi kwa sababu najua wapo wengi wanaojenga sasa hivi Kibada, Bunju na Mbweni wanaoambiwa maneno hayo hayo, na wanaowaambia si watu wabaya. Wanaona kweli kwamba maji yananyonywa. Wasichokiona ni pale yanapotua.

Masika ya pili ndiyo iliyonifumbua macho. Asubuhi moja nilizunguka nyuma ya nyumba, upande wa jikoni, nikakuta chini ya ukingo wa bati kuna mstari wa vishimo, vimepangana sawasawa kama mashimo ya bao. Bati zangu ni za msauzi, zile za migongo na mabonde, na kila bonde lilikuwa limejichimbia shimo lake. Nilichutama nikaingiza kidole kimoja, kikazama chote. Ukutani, kuanzia chini mpaka usawa wa goti, mchanga ulikuwa umeruka na kuganda, rangi ya krimu imegeuka kahawia. Nikausugua kwa ufagio wa chelewa, mchanga ukatoka pamoja na rangi, na chini ya rangi lipu ilikuwa laini, inakatika kwa ukucha.

Mwaka uliofuata vishimo viliungana vikawa mfereji. Bomba dogo la maji la kwenda jikoni, ambalo fundi alilifukia futi moja, likawa nje linachomwa na jua. Kisha mawe ya msingi yakaanza kuonekana. Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza watu nikachukua kalamu.

Hesabu yenyewe ni rahisi na ningependa kila anayejenga aifanye. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa langu, pamoja na kingo zake, ni mita 11 kwa 13, la pande nne. Upande wa nyuma peke yake ni kama mita za mraba 41. Mvua ya milimita 50, ambayo hapa Dar wakati wa masika si jambo la ajabu, inamwaga upande huo lita zaidi ya 2,000, na zote zinashuka kwenye mstari mmoja wa mita 13. Chukua sasa ukanda wa ardhi wa upana wa sentimita 20 na urefu wa mita moja chini ya ukingo huo. Mvua ya kawaida ingeupa lita 10. Paa linaupa zaidi ya 150. Mchanga unakunywa, sikatai, lakini hauna mshikamano wa kuvumilia kuchapwa mahali pale pale kutoka juu mita tatu. Udongo wa mfinyanzi ungetuamisha maji na kukukera na matope. Mchanga wenyewe unaondoka kimyakimya, ukija kushtuka msingi uko wazi.

Jaribio langu la kwanza liliniuma, na nalieleza ili mtu mwingine asilipie. Mwishoni mwa 2022 nilikwenda Gerezani, nikampata fundi wa bati akanikunjia gata za bati la kawaida, zinang'aa kama kioo. Tukavuka nazo kwa pantoni, zikafungwa siku moja. Fundi aliyezifunga alijivuna kwamba zimenyooka: "Mama, weka hata yai juu, halibingirii." Nami nilifurahi. Hilo ndilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote. Gata lililonyooka kama meza halipeleki maji popote. Yanakaa humo humo, majani ya mti wa mkungu yanadondokea, na baada ya wiki nilipopanda ngazi nilikuta viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani ya maji masafi kabisa. Mji huu umeugua dengi 2014 na tena 2019, na mbu wake ni yule yule anayependa maji masafi yaliyotuama, anauma mchana. Nilikuwa nimemjengea nyumba juu ya dirisha la watoto wangu.

Upepo wa baharini nao ulifanya kazi yake. Kabla mwaka haujaisha, pale bati lilipokunjwa palikuwa na kutu nyekundu. Ikaja ile vuli ya 2023, mvua ya El Niño. Usiku mmoja gata lilijaa, likalemewa, likang'oa misumari na kipande cha fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, vyote vikaanguka kwa kishindo nikadhani ukuta umeanguka. Nilitoka na tochi, mvua inanipiga, nikasimama pale nikiangalia maji ya paa yakishuka tena kwenye mstari ule ule. Sikulala usiku ule.

Nilikwenda kuulizia gata za plastiki za kiwandani. Nyumba nzima, na viungo vyake na kazi, nilitajiwa milioni na kitu. Sikuwa nayo. Lakini nilikuwa nimeona kwa mama mmoja Gezaulole bomba la plastiki ngumu, PVC, la maji machafu limepasuliwa likatumika kama gata, nikajiambia hilo naliweza.

Nilinunua mabomba ya inchi sita, kila moja mita sita, yakaletwa na kirikuu. Nilipanga kupasua kila moja katikati nipate gata mbili. Kijana wa grenda alipiga mstari kwa uzi na chaki, akakata vizuri, moshi wa plastiki ukatujaa puani. Alipomaliza mkato wa pili, zile nusu mbili zikaanza kujikunja zenyewe mbele ya macho yetu. Kingo zikasogeleana polepole mpaka mdomo ukawa mwembamba, kama jani la mgomba linalokauka. Tulijaribu kuzitanua kwa mikono, zikarudi. Tukaweka vijiti, jua lilipopiga vikachomoka kimoja kimoja. Kijana akasema bomba ni bovu, turudishe dukani.

Bomba halikuwa bovu. PVC inatoka kiwandani ikiwa imejibana ndani kwa ndani, ukiipasua inafuata ule mbano. Niliwaza usiku kucha, na asubuhi nikapata jibu ambalo mpaka leo najivunia: tusipasue. Tukachukua bomba la pili, tukakata juu yake dirisha refu la upana wa kiganja, lakini kila baada ya mita moja tukaacha kidaraja cha sentimita tano bila kukatwa. Bomba likabaki na umbo lake la duara, limefunguka juu tu, na vile vidaraja vinalishika lisijikunje wala lisitanuke. Hasara ni kwamba bomba moja linatoa gata moja, si mbili. Faida ni kwamba hakuna kilichohama mpaka leo. Zile nusu mbili zilizojikunja zilikwenda kumwagilia mchicha.

Vishikio nilitengenezewa kwa nondo ya milimita 6, vikapigwa rangi ya kuzuia kutu mara mbili kwa ajili ya upepo wa chumvi. Tukavifunga kila sentimita 80. Usikubali fundi akuwekee kila mita mbili. Bomba la inchi sita likijaa nusu tu linabeba kama kilo kumi za maji kwa kila mita, na fisha bodi haikutengenezwa kwa mzigo huo.

Mteremko nilisimamia mwenyewe. Tulitumia mpira wa maji wa kupimia usawa, ule unaoona ndani, usio na longolongo. Katikati ya ukuta ndipo juu, halafu linashuka pande zote mbili, nusu sentimita kwa kila mita. Kwa mita sita na nusu ni kama sentimita tatu tu, ukisimama chini huwezi kuona. Fundi alilalamika kwamba gata litaonekana limepinda. Nikapanda ngazi na kikombe cha maji na jani la mwarobaini. Nikaliweka jani katikati, nikamimina. Likasimama kidogo, likageuka, likaanza safari, likapita chini ya kidaraja cha kwanza, cha pili, mpaka likatumbukia kwenye bomba la kushukia. Nikarudia upande wa pili. Fundi hakusema tena.

Kuhusu maungio: usigandishe kila kitu kwa gundi. Plastiki ndefu hivyo hurefuka kwa milimita kadhaa jua la saa nane likiwaka, usiku hurudi. Gundi itapasuka. Mimi nilipandisha ncha moja juu ya nyingine kama sentimita 15, ya juu ikiingia ndani ya ya chini kufuata maji, bila gundi. Halidondoshi. Halafu lipige rangi nyeupe, jua la hapa linaikausha PVC iliyo wazi ikawa dhaifu.

Upande mmoja maji yanaingia kwenye simtanki la lita 2,000. Mvua ya milimita 100 inalijaza, maana nusu ya upande wa nyuma wa paa ni mita za mraba 20 na ushee. Mvua za kwanza baada ya kiangazi nachomoa bomba yapite, yanaosha vumbi na mavi ya kunguru, na mdomo wa tangi nimeufunga kipande cha chandarua. Hayo maji nafulia na kuoshea; sabuni inatoka povu ambalo maji yetu ya kisima yenye chumvi hayajawahi kulitoa. Upande wa pili yanakwenda kwenye shimo la kokoto mita nne kutoka kwenye nyumba, na hapo ndipo sifa ya mchanga inapoonekana kweli: shimo halijawahi kufurika.

Je, nyumba nzima inahitaji gata? Yangu haikuhitaji. Mbele niliweka juu ya mlango tu, wageni wasilowe. Pande mbili fupi sikuweka kitu. Nilichimba mtaro wa futi moja pale paa linapodondokea, nikatandika viroba vya mchele vilivyotobolewa ili kokoto zisimezwe na mchanga, nikajaza kokoto, juu nikaweka mawe makubwa kidogo. Maji yanapiga jiwe, yanatulia, yanazama, na ukuta ni mkavu. Mwenye ukingo wa paa unaotoka nje mita nzima anaweza kumaliza na kokoto pande zote. Wangu unatoka nusu mita, na nyuma uharibifu ulikuwa umeshaingia. Lakini kama paa lako linamwaga kwa jirani, usingoje hesabu, funga gata kabla hajaja kukugongea.

Kazi yote, na mabomba, nondo, kijana wa grenda na chakula chao, haikufika laki tano. Tangi nilikuwa nalo. Lipu ya nyuma nilikwangua na kupiga upya baada ya ukuta kukaa miezi mitatu unakauka. Msingi niliufukia tena kwa toroli kumi na mbili za mchanga, na masika mawili yamepita haujapungua hata kiganja. Shemeji alikuja Pasaka, akazunguka nyuma, akasimama muda mrefu akiangalia vile vidaraja. Akaniomba namba ya kijana wa grenda.

Wiki iliyopita nilipanda kutoa majani. Ndoo moja na nusu ya majani ya mkungu. Vuli bado haijaanza.