Vinkubala, sambaza na mwiko wa nyumbani

Jana sokoni mwanangu alisimama mbele ya rundo la vinkubala, akauliza: "Mama, nani wa kwanza alithubutu kula hawa viwavi?" Nikakumbuka darasa la tano nililolifundisha katika komini (mtaa) ya Kenya hapa Lubumbashi, siku ile kila mtoto alipoleta chakula cha kwao.

Sheria ilikuwa moja: kuonja si lazima, kucheka chakula cha mwenzako ni marufuku.

Bukari, yaani ugali wetu, ndiyo iliyoanzisha ubishi: nyeupe ya mahindi matupu, na ile ya watoto wa Kikasai yenye unga wa muhogo ndani. Nikawaambia habari za kampuni ya migodi ya Union Minière na posho ya unga wa mahindi waliyopewa wafanyakazi wake, tukaendelea.

Ndipo kijana mmoja akafunua vinkubala vya bibi yake. Msichana aliyehamia kutoka Bukavu akaziba mdomo kwa viganja viwili. Darasa zima likanigeukia. Sikusema neno. Kijana hakukasirika. Alibana kidole gumba na cha shahada, akamwonyesha jinsi bibi anavyokamua matumbo yao, kisha anawachemsha kwa chumvi na kuwaanika. Siku ya kula anawaroweka, anawakaanga na kitunguu na nyanya. "Hawa wanakula majani tu," akasema. "Kuku wenu je, anakula nini?"

Msichana akashusha mkono mmoja. "Sisi tunakula kumbikumbi. Lakini wale wana mabawa." Akachukua mmoja, akafumba macho, akatafuna. Akaomba mwingine.

Alipofungua sambaza zake, samaki wadogo kama dagaa, watoto wakapiga kelele: "Ndakala!" Hawakuwa mbali na ukweli: sambaza wa Ziwa Kivu waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni jamaa wa ndakala wetu. Nilifurahi mno siku hiyo.

Jumatatu mama mmoja akanisubiri langoni. Kanisani kwao hawali samaki asiye na magamba, na kuna mtoto aliyekuwa ameleta kambale. "Madamu, wangu hakuonja, na hakuna aliyemcheka. Lakini walimuuliza kwa nini, kwa nini, hadi akalia nyumbani."

Nilimwomba aje awaeleze watoto mwenyewe. Hakuja. Somo hili bado ninalifundisha, na sasa ninaanza kwa kuuliza nani ana mwiko kwao. Wengine wanasema waziwazi. Kwa wale wanaoona haya kusema, bado ninatafuta njia.