Unyayo waniuma, lakini kabro sina kesi nayo

Ukipita Mama Ngina Drive, hapa Mombasa, baada ya swala ya Alfajiri, jua halijaanza kuchoma, utatukuta pale: wenye buibui na raba, wenye suruali za mazoezi, wazee na bakora zao. Tukikaa kupumzika upande wa baharini, mazungumzo hayachelewi kufika miguuni. "Pale katikati ya unyayo, shoga, kama pana kitu kinavuta." Kila mtu ana wake wa kumlaumu. Huyu kabro (yale matofali ya saruji yaliyotandazwa njiani), yule raba za mtumba alizonunua Kongowea, mwingine atasema ni uzito tu. Mimi nimeuuguza unyayo wangu tangu mwaka jana, na kwa upande wangu kabro naiachia huru. Kesi yangu iko nyumbani, Ganjoni, juu ya vigae.

Chini ya unyayo kuna kano pana, ngumu, inayoanzia kwenye mfupa wa kisigino na kwenda kushika mashina ya vidole. Ndiyo inayoubeba ule uvungu wa mguu. Ukiongeza mwendo kwa ghafla, au mashavu ya miguu yako yamekaza, kano hiyo huvutwa kupita kiasi ikachokozeka, hasa karibu na kisigino, na maumivu yakapanda mpaka uvunguni. Usiku tunalala vidole vimeelekea chini, nayo inajikunyata. Asubuhi hatua ya kwanza inaivuta yote kwa pamoja. Basi mimi kutoka kitandani hadi kwenye mfereji wa kutawadhia nilikuwa naenda nimeshika ukuta, na nikishatembea kidogo panatulia, utadhani sikuwa mimi niliyekuwa nalia. Kisha ukikaa kusahihisha madaftari na kuinuka, hayo tena.

Mtaalamu wa viungo niliyemwendea hakuanza na raba. Aliniuliza, "Jikoni wavaa nini?"

Jikoni sivai kitu, nani anavaa? Kwetu viatu huachwa mlangoni. Ni adabu, ni usafi, na nyumba inayoswaliwa haikanyagwi na uchafu wa barabarani. Lakini hebu piga hesabu. Mazoezi ni saa moja. Masaa yaliyobaki, ukiondoa ya shule na ya kulala, nimesimama peku juu ya vigae vilivyolazwa kwenye zege: kukuna nazi, kuosha vyombo, kupiga pasi. Kano iliyochokozeka haipati hata nafasi ya kupumua.

Nikanunua ndara za ndani. Si zile kandambili bapa zinazokunjika katikati. Hizi zina soli nene, kisigino kimeinuka kidogo, na pale uvunguni pamejaa. Nje hazitoki. Mama mkwe alizitazama muda mrefu.

"Mwanangu, hizi zaingia chooni?"

"Haziingii, mama."

"Haya."

Mjadala ukaishia hapo, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa vita.

Ndara zinapunguza kero tu. Kano yenyewe lazima ipate nguvu. Hapa ndipo ninapobishana na wanaosema "pumzisha mguu mpaka upone". Mwaka 2014 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya kulinganisha makundi mawili ya wagonjwa, moja likinyoosha unyayo, jingine likipandisha visigino kwa uzito. Kwenye miezi 3 hao wa pili walikuwa na nafuu kubwa zaidi, ingawa mwaka ulipotimia walikuwa wamekaribiana. Zoezi lenyewe nalifanyia kwenye ngazi za ghorofa yetu. Nakunja taulo, naiweka chini ya vidole ili viinuke, nasimama kwa mguu mmoja ukingoni mwa ngazi huku kisigino kikining'inia. Napanda kwa sekunde 3, nabana 2, nashuka kwa 3. Siku moja ndiyo, siku moja naacha. Nimeshika reli, taulo chini, jasho latiririka, na jirani wa juu kila akinipita lazima aseme: "Mwalimu, wapanda au washuka?"

Kunyoosha nako sikuacha. Kabla ya kushuka kitandani napandisha mguu juu ya goti, navivuta vidole nyuma mpaka nione kano imekaza, nahesabu hadi 10, naachia, narudia. Jambo lililonifurahisha ni kwamba kikao cha tahiyatu katika swala, mguu wa kulia umesimamishwa na vidole vimekunjwa kuelekea kibla, kinaivuta kano ileile. Mwanzoni nilikuwa nakiogopa. Mtaalamu akaniambia nikae taratibu, nisiukimbie ule mvuto ila ukizidi makali.

Chupa ya maji iliyoganda nayo naibiringisha chini ya unyayo jioni, raha tupu, lakini hiyo ni ya kutuliza. Mafuta ya karafuu aliyonipa shangazi yananukia vizuri. Ukipigwa picha ukaonyeshwa mwiba wa mfupa kisiginoni, usipoteze usingizi. Wako wengi wenye mwiba huo na hawaumwi. Sindano ya kisiginoni ijadili vizuri na daktari, maana inaweza kuidhoofisha kano hata ikakatika. Na mwenye sukari, au anayehisi ganzi, uvimbe, au aliyesikia kitu kimekatika ghafla, aende hospitali kwanza, mambo ya chupa ya barafu ayaache.

Ugonjwa huu hauna haraka, unakula miezi. Siku hizi natembea Mama Ngina Drive kutoka pale panapoitwa Florida hadi upande wa feri, nakimbia vipande vifupi tu, na kesho yake nausikiliza mguu nikiamka. Ukinung'unika, nakata kukimbia, kutembea naendelea.