Kibao cha KARIBU: zamu ya herufi

Kibao hiki cha mlangoni kitasubiwa kwa alumini kwenye kalibu ya mchanga, kwa hiyo kila ninachokichonga kwenye Blender, programu ya kompyuta ya kuunda maumbo, kitachapwa kwa printa ya 3D kiwe modeli ya kukandamizwa mchangani, na lazima kiweze kung'oka humo bila kuubomoa. Nakshi ya pembezoni, niliyoichonga nikifuata milango ya Zanzibar, imeshakaa vizuri. Sasa ni herufi.

Programu ikiinua herufi, kuta zake husimama wima kabisa. Kalibu ingekuwa ya silikoni nisingejali sana, maana silikoni hunyumbulika na kuachia. Mchanga haunyumbuliki. Ukuta wima unausugua kuanzia modeli inapoanza kuinuliwa hadi inapotoka, na kingo zinameguka. Dawa yake ni kuupa ukuta mwinamo, herufi iwe pana kwenye kitako na nyembamba usoni. Nimechagua digrii 10 kutoka wima. Kimo cha herufi ni milimita 3 na tanjenti ya 10 ni 0.176, hivyo kitako kinatoka nje kwa takribani milimita 0.53 kila upande.

Njia ninayoipenda haihitaji kugusa brashi za kuchongea za Blender. Kwenye mipangilio ya maandishi naweka beveli (mkato wa mshazari wa kingo) 0.53, rezolusheni yake 0 ili mkato uwe bapa, na ekstrudi (unene wa kuta wima) 0. Ukuta unalala digrii 45. Kisha navuta mhimili wa Z, yaani kimo, mara 5.67, na mwinamo unabaki digrii 10. Herufi inakuwa nene katikati, basi nusu ya chini naizamisha ndani ya bamba.

Kilichonishughulisha zaidi ni matundu ya A, R na B. Mchangani kila tundu linageuka kinguzo kinachosimama peke yake katikati ya herufi, na hicho ndicho cha kwanza kuvunjika. Mwinamo unakiokoa, kwa sababu unakifanya kiwe kipana chini na chembamba juu. Lakini unalila tundu: lenye upana wa milimita 4 usoni linafika kwenye bamba likiwa chini ya 3. Ndiyo maana fonti nimeichagua kwa kuangalia matundu kwanza: isiyo na vijimkia, yenye A iliyopanuka. Nafasi kati ya herufi nayo nimeiongeza, maana vitako vya K na A vinasogeleana. Pembe ya ndani ya K nimeiviringa kidogo.

Herufi nimeziacha kama kitu cha peke yake hadi uchongaji uishe. Brashi ya kulainisha ikizipitia, au remeshi (amri ya kuusuka upya uso wa modeli) ikizimeza, mwinamo wote unapotea na hutauona kwa macho.

Kukagua ni rahisi: natazama kutoka juu, bila pespektivu (vya mbali visionekane vidogo). Kila ukuta lazima uonekane. Uliojificha utang'ang'ania mchanga. Majani ya nakshi yenye ncha zilizojikunja nimeyajaza kwa chini.

Mwisho modeli nzima nimeikuza kwa 1.013, kwani alumini husinyaa karibu asilimia 1.3 ikipoa. Kibao cha milimita 200 kinachapwa kikiwa na 202.6. Tabaka za kuchapa ni milimita 0.12, na bado nitapiga msasa na praima (rangi ya kwanza ya kujaza mikwaruzo), kwa sababu vijingazi vya tabaka navyo hushika mchanga.

Nitachapa kwanza kipande chenye A na R tu. Fundi atakipigia mchanga, vinguzo vikisimama ndipo nichape kibao kizima.