Kukopi kwenda storeji ya netiwaki kulikwama megabaiti 11, nilivyotatua

Kama Linux yako inakopi mafaili kwenda storeji ya netiwaki na spidi imeganda megabaiti 11 kwa sekunde, haipandi haishuki, usikimbilie kuchezea setingi za Samba (programu ya kushea mafaili kwenye netiwaki). Hiyo namba yenyewe inaongea: netiwaki ya megabiti 100 kwa sekunde, gawa kwa 8 (baiti moja ni biti 8) ni megabaiti 12.5, toa mzigo wa itifaki (data za ziada za kusafirishia mafaili) unabaki na kama 11 hivi.

Mimi nilianza na iperf3, naipenda sana maana inapima netiwaki peke yake bila kugusa diski, ikatoa megabiti 94 nikajua diski hazina kosa. Afu nikapiga ethtool, amri ya Linux inayoonyesha spidi ya kadi, kwenye kadi ya netiwaki, inasoma 100Mb/s wakati kadi, swichi na storeji zote ni za gigabiti (megabiti 1000)!

Ndo nikageukia kebo. Gigabiti inataka jozi zote 4 za nyaya zilizomo ndani, megabiti 100 inatumia jozi 2 tu, kwa hiyo ikikatika moja ya zile jozi 2 nyingine taa zinawaka kama kawaida, intaneti ipo, ila kadi nyingi zinashuka spidi zenyewe kimyakimya na hapo ndo watu wanateseka bure. Kichwa cha upande wa swichi kilikuwa kimelegea, waya wa kahawia haushiki. Nikakata nikabana kichwa kipya, ethtool ikasoma 1000Mb/s na kukopi kukaruka mpaka megabaiti 110.

Huna koleo la kubania? Nunua kebo nyingine, ya daraja la Cat5e inatosha kabisa.