Futi nne za mvule

Meza ya dukani kwangu ni ya mvule, ina urefu wa futi nne. Ilikuwa ya marehemu baba, enzi akiwa karani kwenye shamba la mkonge, na droo yake ya kulia ukiivuta mpaka leo inatoa harufu ya wino. Juu ya meza hiyo kuna kompyuta ya mezani ya mwaka 2010 na monita yake ya inchi 19, kuna laptopu, kuna printa, kuna skana, kuna kitabu cha risiti na kikombe cha kalamu. Duka lipo hapa Tanga, Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara za namba. Wateja wanaanza kuingia saa mbili asubuhi: huyu anataka kopi, yule barua ya mkataba, mwingine kujaziwa fomu mtandaoni.

Watu huniuliza kwa nini nisiitoe ile kompyuta ya zamani nikapata nafasi. Sababu ni skana. Ni nzito, ya kioo kipana, inabeba daftari lililofunguliwa kurasa mbili bila kulivunja mgongo, na programu ya kuiendesha inaishia Windows 7. Nimejaribu kuichomeka kwenye laptopu, mpwa wangu naye amejaribu, laptopu haiitambui. Na kwa kuwa Microsoft waliacha kuitolea Windows 7 masasisho ya usalama tangu Januari 14, 2020, ile kompyuta siiruhusu kabisa kugusa intaneti. Kazi zote za mtandaoni ziko kwenye laptopu. Laptopu nayo kibodi yake imekufa herufi moja, na herufi yenyewe ni A. Anayeandika Kiswahili kutwa nzima ataelewa.

Ndiyo maana nilikuwa na kibodi mbili na mausi mbili kwenye futi nne.

Ramadhani iliyopita alikuja kijana baada ya futari, anaomba kazi, na dirisha la maombi linafungwa usiku uleule. Nikawa namwangalia yeye na vyeti vyake huku vidole vinaandika. Kuinua macho, fomu yake ni tupu. Majina yake, namba ya kitambulisho, mwaka wa kumaliza shule, vyote nilikuwa nimeviandika katikati ya barua ya mteja mwingine kwenye kompyuta ya pili, kwa sababu mkono ulishika kibodi isiyo yake. Wakati huohuo ukurasa wa maombi ukawa umeisha muda, tukaanza upya kuanzia nywila. Tulimaliza zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Sikuchukua hela yake. Usiku ule nililala nikiwaza kwamba mtu angekosa kazi kwa sababu ya mpangilio wa meza yangu.

Mpwa wangu, anayesomea umeme, ndiye aliyeniletea habari. "Shangazi, kuna kisanduku kinaitwa KVM." Herufi hizo zinasimamia kibodi, video na mausi, na kwa bahati kwa Kiswahili zinabaki zilezile. Kisanduku hakizidi kiganja. Kibodi, mausi na monita vinachomekwa humo, kisha zinatoka nyaya za kwenda kwenye kompyuta mbili, na juu kuna kitufe. Ukibonyeza, vyote vitatu vinahamia kompyuta ya pili. Hakihitaji programu yoyote, kwa hiyo hata kompyuta ikiwa ndiyo kwanza inawaka, au imeganda, kibodi yako bado inafika. Tuliagiza Kariakoo, kikaja na basi la jioni.

Siku mbili za mwanzo nilikuwa zaidi kwenye ile kompyuta ya zamani, sikuona tatizo. Siku ya tatu nikafungua kazi ya laptopu. Kisanduku kilikuwa cha VGA, ule waya wa pini kumi na tano ambao asili yake ni mwaka 1987, na laptopu yangu ina tundu la HDMI tu, waya wa picha wa kisasa zaidi, kwa hiyo tulipitisha kwa adapta. Maandishi yakatokea manene, yamelala, kama yameandikwa kwa kalamu iliyolowa. Nikadhani monita imeliwa na chumvi. Sisi wa pwani upepo wa bahari hula vyuma mpaka ndani ya nyumba, kila tundu likishika kutu tunajua mwenyewe ni nani.

Haikuwa chumvi. Kumbe monita inapochomekwa hujitambulisha kwa kompyuta kupitia waya uleule wa picha: mimi ni ya upana huu, ya urefu huu, nina nukta kadha. Utambulisho huo mafundi wanauita EDID. Kisanduku changu cha bei nafuu hakikuwa kinaupitisha. Laptopu isipousikia hujichukulia kipimo cha tahadhari, 1024 kwa 768, wakati monita yangu ni ya 1440 kwa 900. Picha fupi inavutwa ijae kioo kirefu, herufi zinanenepa. Nilihangaika wiki nzima na jambo ambalo lingeelezwa kwa sentensi tatu, ndiyo maana nimeliandika hapa kwa urefu.

Na kila nikibonyeza kitufe, kwa kompyuta ninayoiacha ilikuwa sawa na mtu kachomoa kibodi kwa mkono, nikirudi inaanza kuitambua upya. Sekunde mbili, tatu. Kuna visanduku vya bei ya juu vinavyoendelea kuiambia kila kompyuta kwamba kibodi na monita bado zipo, hata ukiwa upande wa pili. Ukiwa mtu wa kubadilisha mara hamsini kwa siku, na una uwezo, nunua hicho. Mimi uwezo huo sikuwa nao.

Dawa ilikuwa mgongoni mwa monita siku zote. Monita nyingi za ofisi zina milango miwili ya picha, na yangu inao wa VGA na wa HDMI. Kompyuta ya zamani nikaichomeka moja kwa moja kwenye VGA, laptopu kwenye HDMI, na pale chini ya kioo kuna kitufe cha kuchagua mlango upi uonyeshwe. Kisanduku nikakiachia kibodi na mausi tu. Sasa nabonyeza vitufe viwili badala ya kimoja, lakini herufi zimerudi nyembamba, kila mashine inaongea na monita bila mtu kati. Kama una monita ya namna hiyo, igeuze kwanza uitazame mgongo kabla hujatoa hela. Kinachokutosha huenda ni kiswichi cha USB peke yake, ambacho ni rahisi zaidi na kina mambo machache ya kuharibika.

Kwa kazi za mchana hapo ndipo nilipofika, na ningeishia hapo lau si madaftari ya babu.

Babu yangu alikuwa akiandika mashairi. Ameacha madaftari manne, yote kwa hati ya Kiarabu, maneno ya Kiswahili. Shangazi yangu ndiye aliyeyatunza kwenye kasha la nguo na karafuu, na mwaka jana akanikabidhi, akasema yeye macho yamekwisha. Kila jioni nikishafunga mlango wa mbele naskani kurasa mbili, kisha naziandika kwa herufi za kawaida.

Asiyewahi kusoma hati hizo adhani ni kunakili tu. Siyo. Herufi moja, be, katika mkono wa babu inasimama kwa b, kwa p na kwa mb. Alama za irabu nazo hivyohivyo: kasra inaweza kuwa i au e, dhuma ni u au o. Neno lenye be na te, zote za fataha, yaani irabu a, ni bata, ni pata, ni mbata, na huyu ni mtu wa mwambao aliyeishi kwenye minazi, mbata, ile nazi iliyokauka, anaitaja kweli. Kinachokuamulia ni mizani na kina. Basi unaitazama picha, unaikuza, unahesabu mizani kwa vidole, unaandika neno, unarudi kwenye picha, unalifuta.

Hapo kisanduku hakina msaada. Kisanduku kinakupa kompyuta moja *au* nyingine. Mimi nilihitaji ukurasa uwe mbele ya macho huku naandika upande wa pili. Nilikuwa nabonyeza, natazama, nakariri mstari, nabonyeza, naandika, na nikifika katikati ya kipande cha pili mstari umeshanitoka. Nilijaribu kuhamisha picha kwa flashi ili nifungue vyote kwenye laptopu, lakini nikiona ukurasa haukutoka vizuri, na wino wa babu umefifia sana, inabidi nirudi kwenye skana nianze safari upya.

Nikamwambia mpwa: mimi sitaki kuhamisha macho, nataka kuhamisha mkono. Akanyamaza kidogo. "Basi shangazi, hicho siyo kisanduku. Ni programu."

Zipo kadhaa. Ya siku nyingi inaitwa Synergy. Kutoka kwake wengine walitengeneza Barrier, ya bure, na walioiendeleza baadaye wakahamia Input Leap. Microsoft nao wana Mouse Without Borders, inayounganisha hadi kompyuta nne, lakini za Windows tu, na siku hizi imo ndani ya PowerToys, ambayo Windows 7 haiikubali. Mimi natumia Barrier, kwa kuwa inakubali pande zangu zote mbili. Programu inakaa kwenye kompyuta zote. Ile iliyochomekwa kibodi ndiyo mwenyeji, nyingine ni mgeni. Unamwambia mwenyeji mgeni amekaa upande gani, kushoto au kulia, kisha ukisukuma mausi mpaka ukingo wa kioo, mshale unavuka na kutokea kwenye kioo cha pili, na kibodi inaufuata. Hakuna kitufe. Mara ya kwanza nilipouona unavuka nilimwita shangazi aje kutazama.

Picha haivuki, kila kompyuta inabaki na kioo chake. Kwangu hilo ndilo nililolitaka. Laptopu ina kioo chake, nimeiinua juu ya maboksi mawili ya rimu za karatasi, hapo ndipo naandika. Monita inaonyesha ukurasa wa babu, umekuzwa mpaka nukta za juu ya te zinaonekana. Maandishi ukiyanakili upande mmoja unaweza kuyabandika wa pili.

Mawasiliano yake yanapita kwenye mtandao wa ndani, intaneti haihitajiki. Hapa nilikuwa na hofu, kwa sababu kila ninachobofya, nywila za wateja zikiwemo, kinasafiri kwenye njia hiyo, na Wi-Fi ya dukani wanaitumia na wateja. Na ile kompyuta ya zamani nimeapa haitagusa intaneti. Tukaweka waya mmoja wa mtandao, mita moja, kutoka kompyuta hadi kompyuta, tukazipa anwani kwa mkono, 192.168.10.1 na 192.168.10.2, na kwenye ulinzi wa Windows tukafungua mlango namba 24800 kwa waya huo tu. Kufichwa kwa mawasiliano nimekuacha kumewashwa pamoja na hayo. Ukiweka programu hii mahali penye Wi-Fi ya watu wengi, tafadhali usikuzime.

Kitu kimoja nilikigundua kwa bahati: Scroll Lock, kile kitufe ambacho maisha yangu yote sikuwahi kukiona kazi yake, hapa kinaufunga mshale usivuke. Nakibonyeza nikiwa nakata kingo za picha, maana ukisogea sana pembeni unajikuta upande wa pili na mkono bado umeshika.

Kompyuta ikiwa ndiyo kwanza inawaka, au ikiganda, programu haipo, na kibodi haifiki upande wa mgeni. Kwa hiyo kisanduku sijakiondoa, kiko nyuma ya printa kimeunganishwa. Kibodi ya pili na mausi yake nimempa mpwa. Pale zilipokuwa ndipo ninapolaza daftari lenyewe sasa, juu ya kitambaa, nikitaka kuhakikisha nukta ni wino au ni doa.

Daftari la kwanza limebaki kurasa kumi na tisa. Jana usiku nilikwama kwenye neno moja saa nzima, be na te, na kina cha mstari hakikunisaidia. Asubuhi nilipita kwa shangazi kabla ya kufungua duka, nikamsomea ubeti namna zote tatu. Akafumba macho, akauimba kwa namna ile ya tatu, kwa sauti ya baba yake.

Ni mbata.