Jinsi nilivyofufua kichocheo cha MOF kilichochoka raundi ya nne

Jamani hii ilinisumbua wiki mbili nzima. Natumia UiO-66-NH2, MOF ya zirkoni (MOF ni fuwele ya metali iliyoungwa na molekuli za kikaboni, imejaa vitundu vidogo sana; ukoo wa hii ulitoka chuo kikuu cha Oslo 2008, ndo maana ya UiO), kama kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, kuunganisha benzaldehaidi na malononitrili. Kila raundi narudia na kichocheo kilekile: ya kwanza na ya pili safi kabisa, ya tatu ikaanza kusuasua, ya nne mchanganyiko umelala usiku kucha na benzaldehaidi bado imejaa tele.

Nikadhani metali inavuja kutoka kwenye kichocheo kuingia kwenye kimiminika. Basi nikakichuja kichocheo mmenyuko ukiwa katikati na bado wa moto, kimiminika nikakirudisha kwenye joto peke yake, kikagoma kuendelea, yaani hamna metali humo inayoendesha mmenyuko, kwa hiyo tatizo sio kuvuja. Kipimo cha eksirei nacho kikaonyesha vilele vilevile vya mwanzo kwenye grafu, fuwele haijavunjika. Sasa shida nini? Kumbe nilikuwa naosha mara moja tu haraka haraka, na unga uliokuwa wa manjano hafifu umegeuka rangi ya chungwa, yaani masalia yamebana kwenye vitundu ambavyo mlango wake ni kama nanomita 0.6 tu!

Nikauloweka kwenye methanoli ya uvuguvugu siku mbili, nabadilisha methanoli kila baada ya masaa kadhaa, natenganisha kwa sentrifuji (mashine ya kuzungusha kwa kasi ili unga utuame) mpaka kimiminika cha juu kikawa hakina rangi, halafu nikaukausha kwenye vakyumu nyuzi 120 usiku kucha. Hapo kwenye kukausha msiparuke kabisa, methanoli ikibaki ndani vitundu bado vimejaa. Raundi ya tano ikaenda kama ya kwanza, nilifurahi mno, na siku hizi naosha hivyo kila raundi.