Milimita 28

Juzi mvua ya masika ilipokatika alfajiri, binti yangu alichutama kando ya mfereji ulio mbele ya mlango wetu, akawa anatazama jani la mwarobaini likichukuliwa na maji kuelekea pwani. Akaniuliza, "Baba, maji yanajuaje njia ya kwenda baharini?" Nilimjibu upesi kwamba maji hufuata mteremko, naye akaridhika akarudi ndani. Mimi nilibaki pale kizingitini, kwa sababu swali lake lilinirudisha mtaa wa Langoni, Lamu, mwaka 2003, kwa Ami na kwa lile jiwe.

Ilikuwa miaka miwili baada ya UNESCO kuuandika mji wetu wa kale katika orodha ya urithi wa dunia, na nyumba iliyokuwa imeporomoka upande mmoja ilikuwa inajengwa upya na wenyewe. Watu wakipita husifu nakshi za mlango na boriti za mikoko darini, lakini kabla fundi hajaweka jiwe la kwanza kulikuwa na maswali ambayo hayajibiwi kwa macho. Msingi uende chini kiasi gani bila kuuacha uchi msingi wa jirani, maana huku kwetu nyumba zimeegemeana ukuta kwa ukuta? Sakafu mpya ikae juu ya kichochoro kwa kimo gani? Na maji ya uani yatoke vipi hadi mfereji wa mtaa? Mhandisi alikuwa Mombasa, kalamu mkononi, akisubiri vimo vyetu. Bila vimo angechora nyumba inayoelea hewani.

Ami ndiye aliyekuwa mpimaji, nami nilikuwa mshika stafu wake, yaani ile fimbo ndefu yenye tarakimu za kupimia. Leveli yake, chombo cha kupimia vimo, ilikuwa ya zamani, ile ambayo darubini yake hugeuza kila kitu juu chini, na ndiyo maana tarakimu za stafu yake zilichorwa kichwa chini, ili zisomeke wima ndani ya kioo. Siku ya kwanza aliponiruhusu kuchungulia, niliona kichochoro kizima kimening'inia, na mtu akitembea angani na kapu lake la samaki. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza. Unaanza kwenye alama ambayo kimo chake kinajulikana. Yetu ilichongwa kwenye jiwe la ukuta wa pwani, mita 3.250. Stafu ikisomeka 1.412 juu ya alama hiyo, basi mstari wa macho ya darubini uko mita 4.662, na kila mahali stafu itakaposimama, ukitoa kinachosomeka unapata kimo cha pale. Darubini isipoona mbele tena, mshika stafu hubaki amesimama mahali pamoja, mpimaji akahamisha chombo, kisha akasoma upya palepale. Mahali hapo pa kugeukia ndipo panapobeba kazi yote iliyotangulia na yote itakayofuata.

Mahali petu pa kugeukia, tulipokwisha kuvuka Usita wa Mui, njia kuu ya mji, palikuwa jiwe la tumbawe, bapa upande wa juu, ukubwa wa mkate wa mofa, limelala kwenye mchanga wa kichochoro. Ami alisoma, akaandika, akabeba chombo begani akapinda kona. Nilisalia peke yangu na stafu. Ndipo niliposikia nyuma yangu, "Simile! Simile!" na punda akatokea, shogi zimejaa mchanga wa kujengea pande zote mbili, zikikwaruza kuta kulia na kushoto. Palikuwa hapana pa kusimama. Niliinyanyua stafu, nikajibana ndani ya kijia cha mlango, na punda akapita. Nakumbuka joto la ubavu wake na harufu ya makumbi yenye unyevu. Nakumbuka zaidi ukwato wake wa nyuma, uliotua katikati ya jiwe, ukakaa hapo kwa muda wa pumzi moja, kisha ukainuka. Jiwe halikupinduka. Lilionekana vilevile, ila pembeni yake mchanga ulikuwa umefanya ukingo mwembamba ambao haukuwapo awali. Niliuona ukingo ule. Nikaufuta kwa kidole cha mguu, nikasimamisha stafu juu ya jiwe, nikaanza kuiyumbisha taratibu mbele na nyuma kama nilivyofundishwa, ili Ami asome kipimo kilicho kidogo kuliko vyote. Kutoka mwisho wa kichochoro akainua mkono: vyema, songa.

Tulifika uani, tukapima, tukarudi pwani kwa njia nyingine na kufunga hesabu kwenye alama ileile tuliyoanzia. Ilipaswa kutoka 3.250. Ikatoka 3.278.

Ami aliketi kwenye baraza, akajumlisha safu za daftari kwa penseli mara ya kwanza, kisha mara ya pili kutoka chini kwenda juu. Hesabu ilikuwa sahihi, kwa hiyo kosa lilikuwa njiani. Kwa mzunguko mfupi kama ule hakukubali zaidi ya milimita 10. Na hizi 28 hazikuwa kitu kidogo: kutoka uani hadi mfereji wa mtaa tulikuwa na mita 30, na mteremko wote tulioupata ulikuwa sentimita 15. Ua ungeandikwa juu zaidi ya ulivyo, mhandisi angeamini mteremko ambao karibu sehemu moja ya tano yake haipo, maji yangekwenda pole, mchanga ungetuama, na siku ya mvua kubwa ua ule ungekuwa birika. Haya yote niliyajua nikiwa nimesimama mbele yake. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akasema, "Labda ni macho yangu, mwanangu. Tunarudia."

Ilikuwa karibu na adhuhuri. Tukarudia kila kituo, yeye na miaka yake, chombo begani, na nikachagua mahali pengine pa kugeukia, kwenye kizingiti cha mawe kisichotikisika. Safari hii ilifunga kwa milimita 3. Hakusema neno, wala mimi.

Nyumba ilijengwa ikaisha. Mafundi walipaka chokaa, mfereji wa uani ukakaa pale pale tulipopaonyesha kwa vigingi, na mpaka leo mvua ikinyesha maji hutoka chini ya ukuta na kushika njia ya pwani.

Jumamosi iliyofuata Ami aliniletea kisahani cha chuma cha pembe tatu, chenye miguu mitatu iliyochongoka na kirungu kidogo katikati cha kusimamishia stafu. Alikuwa amemtengenezesha mhunzi. "Hiki," akasema, "hata punda akikikanyaga hakizami."

Alipokuwa akisema hivyo alikuwa ameinama, anafunga mkanda wa kasha la leveli, na sikuweza kuuona uso wake. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikasema ahsante, Ami, nikangoja ainuke ili nimwambie, naye akainuka, akatangulia kuelekea kazini, nikamfuata na stafu begani.